Ngoma Iliyolala Stoo ya Msikiti

Siku nilipomwambia baba kwamba nataka kuwa mwanahistoria, alikuwa amelala chali chini ya lori lake, miguu tu ndiyo inaonekana. Niliuchagua wakati huo makusudi. Niliona ni rahisi kuzungumza na miguu kuliko kuzungumza na uso.

"Baba, nikimaliza shule nataka kwenda chuo kikuu kusoma historia."

Miguu ilitulia. Kisha sauti ikatoka chini ya injini: "Nipe spana ile kubwa."

Nikampa. Akakaza alichokuwa anakaza, akajivuta nje taratibu, uso umejaa grisi, akakaa juu ya tairi la akiba na kunitazama.

"Historia ya nini?"

"Ya watu. Ya hapa kwetu."

"Ya hapa si inajulikana? Mimi nimezaliwa hapa Bwera, yote nayajua. Sasa utaenda kusoma chuoni kitu ambacho baba yako anaweza kukwambia hapa nyumbani?"

"Basi niambie."

"Nikwambie nini?"

"Yote."

Mama alikuwa barazani akikunja vitenge vya kupeleka sokoni Mpondwe. Akacheka mpaka kitenge kikamponyoka. Baba hakucheka. Alirudi chini ya lori, na mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Sikumlaumu. Baba alikuwa akibeba kahawa, saruji na sabuni kati ya Kasese na mpaka, na mara nyingi alivuka hadi Kasindi, upande wa Kongo, na kuendelea hadi Beni. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusubiri kwenye foleni ya malori, jua linawaka, huku watu wa karatasi wakikaa ofisini chini ya feni wakigonga mihuri. Ndoto yake ilikuwa mtoto wake mmoja akae chini ya feni ile. Alikuwa ameshanichagulia kazi: wakala wa forodha. Wakati mwingine tukila, alininyooshea kipande cha samaki na kuniita "Madamu Forodha." Kwake hilo lilikuwa jina la mapenzi.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaharibika tangu utotoni, na aliyeniharibu ni soko. Siku za soko nilikaa chini ya meza ya mama, katikati ya mabunda ya vitenge, nikisikiliza wanawake wakisimuliana. Kulikuwa na wawili waliopenda kusimulia jinsi mto Lhubiriha ulivyofurika na kubeba vibanda. Mmoja alisema maji yalikuja asubuhi, watu wakiwa wanapanga bidhaa. Mwenzake alisema yalikuja jioni, watu wakifunga. Mmoja alimtaja mbuzi aliyeokolewa juu ya paa. Mwingine alisema mbuzi yule alikuwa wake, na hakuokolewa na mtu yeyote, alijiokoa mwenyewe. Walibishana kila juma, na kila juma mimi nilipata raha ileile. Watoto wengine walipenda hadithi. Mimi nilipenda pale hadithi mbili zinapogongana. Nilitaka kujua ni nini hasa kilichotokea, na kwa nini watu wawili waliosimama kando ya mto mmoja waliondoka na mito miwili.

Nilipoingia kidato cha tano tukapata mwalimu mpya wa historia, kijana mrefu mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye kola. Wiki ya kwanza hakufundisha vita wala wafalme. Alisimama mbele ya darasa, akapiga meza kwa kiganja na kuuliza, "Hii meza ilitoka wapi?"

Tukatazamana.

"Hamjui. Mmeiandikia miaka mingapi? Haya. Kila mmoja wenu atafute kitu kimoja anachoweza kukigusa, kiwe cha zamani, kiwe cha hapa. Aulize watu kilitoka wapi. Msiniletee mlima. Msiniletee mto. Nataka kitu cha kugusa. Na msinipe jibu la mtu mmoja."

Wenzangu wakachagua haraka. Mmoja jiwe la kusagia la shangazi yake, mwingine kengele ya shule. Mimi sikuwa na kitu mpaka Jumamosi moja kabla ya Idi, tulipokwenda na mama na wanawake wengine kuosha msikiti. Tulitoa mikeka yote nje, tukaingia mpaka stoo ya nyuma, na huko, nyuma ya spika mbovu na ngazi, nikaona ngoma. Ilikuwa ngoma kubwa inayonifika kiunoni, ngozi yake imelegea, kamba zake zimekaza bado. Nikaipiga kwa vidole. Ikatoa mlio wa mtu anayekohoa.

"Hii ndiyo iliyokuwa ikiita watu kuswali," mama aliniambia, ndoo mkononi. "Kabla ya umeme, kabla ya spika. Nilipoolewa hapa niliikuta ikilia. Ikilia Ijumaa, hata wasioswali walijua ni saa ngapi."

"Ilitoka wapi?"

"Mwulize shehe. Mimi ni wa kuja."

Shehe wetu alikuwa mzee mchangamfu aliyependa kuulizwa. Alikaa kwenye ngazi za msikiti, akavua kofia, akaivaa tena, akasema ngoma ile ilitoka Kongo. Wafanyabiashara wa Kasindi waliileta kama zawadi, miaka ambayo msikiti ulikuwa bado wa udongo na nyasi. Alisema hivyo bila kusita hata kidogo. Alikuwa mtoto wakati huo, na aliwaona kwa macho yake wakivuka nayo.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mwalimu alisema tusimpe jibu la mtu mmoja, kwa hiyo siku ya likizo fupi nikapanda lori la baba mpaka Kasese kwa bibi, mama yake baba, aliyeishi karibu na stesheni ya zamani ya treni. Reli sasa imemezwa na majani, na watu hukausha mihogo pembeni yake, lakini bibi aliletwa huku kwa treni ile kutoka Kampala akiwa bibi harusi, na kwake bado ilikuwa inapita. Tulipotoka nje alitazama huku na huku kabla ya kuvuka reli.

"Ngoma ya msikiti wa Bwera?" bibi akasema. "Kongo gani? Ngoma ile ilikuja kwa treni. Mimi nilikuwa ndani ya treni hiyohiyo. Waliiweka karibu na mlango, mimi nimejifunika ukaya, naiona hivi, kwa jicho moja. Nikasema moyoni, hata wewe unaolewa mbali."

Njiani tukirudi, baba alifurahi sana. Pale Kikorongo tembo walikuwa wakivuka barabara, akazima injini tuwasubiri, akanigeukia.

"Umeona? Shehe anasema Kongo. Mama yangu anasema Kampala. Mmoja magharibi, mwingine mashariki. Hiyo ndiyo historia yenu?"

"Ndiyo, baba. Hapo ndipo inapoanzia."

Akatikisa kichwa. Tembo wa mwisho akapita, na mtoto wake nyuma. Baba akawasha injini, lakini hakuondoka. Alikuwa akikwaruza usukani kwa ukucha.

"Lakini shehe anakosea jambo moja," akasema. "Mtu hawezi kuvuka na ngoma kubwa vile kwa miguu kupitia pale wanapovukia. Zamani daraja lilikuwa la magogo. Na wale wafanyabiashara walikuwa wa baiskeli. Ngoma ile na baiskeli?" Akacheka peke yake. "Hapana. Kuna kitu hapo."

Nilijua kitu kimemwingia.

Siku chache baadaye simu ililia tukiwa mezani, mimi na mama. Baba alikuwa upande wa pili wa mpaka na shehena ya saruji. Alizungumza kwa sauti ya juu kama kawaida yake akiwa Kongo, kana kwamba umbali ni wa kupigiwa kelele.

"Kamata kalamu! Niko hapa Kasindi na mzee mmoja. Baba yake alikuwa mtu wa baiskeli. Nimempa simu, ongea naye."

Sauti ya kizee ikaja, ya taratibu, Kiswahili cha ng'ambo. "Allo? Ni weye mutoto ya shule? Sikia. Ngoma, hapana. Batu betu habakuleta ngoma. Balileta ngozi. Ngozi ya ngombe. Minasema muzuri?"

"Vizuri kabisa, babu. Ngozi ya ng'ombe gani?"

"Ya mweusi. Ilikuwa ngombe ya mujomba wangu, ngombe moja ya kichwa nguvu, ilipiga batu pembe. Bakaichinja, ngozi bakaifunga kwa velo, baiskeli ya baba, bakavuka nayo. Balikuwa bapelekea fundi wa ngoma kule Nyakiyumbu, ku mulima. Fundi Mukonzo, kabila ya kule. Jina, nilisahau."

Baba akairudisha simu sikioni mwake. "Umesikia? Ngozi! Si ngoma, ni ngozi! Shehe aliona ngozi inavuka, akili ya kitoto ikaikamilisha. Kamata hiyo." Na kabla sijamshukuru akauliza, "Sasa huyo fundi ni nani?"

Mama alikuwa amesimama na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mkononi. "Huyo ni baba yako?" aliniuliza. "Huyo aliyesema yote yanajulikana?"

Fundi alikuwa amekwisha kufa. Tulilijua hilo kwa urahisi, maana Nyakiyumbu ni hapo tu, na mama alikuwa na wateja wake wanaotoka huko. Mmoja akamwambia: mzee ameondoka zamani, lakini mkewe yupo, anaishi juu, karibu na kanisa, na bado anachuma kahawa yake mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nikapanda boda mpaka njia ilipokataa pikipiki, kisha nikapanda kilima kwa miguu, nikiwa na sabuni na sukari alizonifungia mama.

Nilimkuta katikati ya mibuni, kikapu kiunoni, mwanamke mfupi wa mwili mzito na macho ya kuchokoza. Nikamsalimu kwa Lhukonzo changu cha sokoni, lugha ya kule kilimani, akacheka jinsi nilivyokitamka.

"Uko mutoto ya nani?"

Nikamwambia. Alimjua baba yangu kwa lori lake: "Ile ya bluu, inapiga honi kama ngombe." Nikamweleza nilichokuja kutafuta. Alichukua kikapu kingine kilichokuwa kimening'inia mtini, akanipa.

"Chuma nyekundu tu. Kijani wacha. Mutu wa kuuliza akiwa amesimama mikono mitupu, maneno hayatoki."

Basi tukachuma. Alinijaribu kwanza: aliniuliza kama naweza kupika bundu, ugali wa muhogo, lisilo na mabonge, kama nimeona theluji ya mlima kwa karibu, kama Waislamu wa mjini bado wanafanya harusi za siku nyingi. Nilijibu yote. Kikapu changu kilipojaa nusu, akaanza mwenyewe.

Mpakani mwa shamba lao, alisema, palikuwa na mringaringa mkubwa. Baba mkwe wake aliufunga waya wa zizi la ng'ombe ukiwa bado mwembamba, na mti ukaendelea kunenepa ukaumeza waya wote, hakuna aliyeukumbuka tena. Mwaka mmoja wa upepo mti ukaanguka. Mumewe, ambaye alikuwa akichonga ngoma ndogo za kuuza, alilizunguka gogo lile kutwa nzima bila kula. Kanisa lilikuwa limemwomba ngoma kubwa. Lakini gogo lilikuwa refu, lilitosha mbili.

"Sasa kulikuwa na Waislamu wa Bwera, wanunuzi ya kahawa yetu," akaendelea. "Mmoja alikuja hapa kupima kahawa, akaona ile gogo. Akamwambia bwana yangu: na sisi hatuna ngoma. Bwana yangu akamwambia: leteni ngozi, mimi ngozi ya pili sina. Ndiyo hiyo tu. Hakukuwa maneno mingi."

"Na waya?"

Hapo alisimama kabisa, akashika kiuno, akaanza kucheka kabla hajasema.

"Alipokata gogo katikati, shoka ikagonga waya. Kwaa! Mudomo ya shoka ikavunjika. Mimi nilikuwa namuletea maji. Yule mutu, kila Jumapili kanisani, mutu wa rozari, alitukana! Alitukana muti, akamtukana baba yake aliyefunga waya, akatukana mpaka ngombe za zamani. Halafu akaniona. Akasema, 'Umesikia?' Nikasema, 'Sikusikia kitu.' Jumapili akaenda kwa padri kuungama. Toba yake ilikuwa kumaliza ngoma haraka."

Tulicheka mpaka tukaangusha kahawa. Kisha akanishika mkono, tukaenda kanisani, hatua chache tu kutoka shambani. Katekista akatufungulia. Ngoma ilikuwa pembeni ya altare, bado inatumika kila Jumapili, mti wake umeng'aa kwa mikono ya watu. Yule mama akapiga magoti, akaingiza kidole kati ya kamba, karibu na kitako cha ngoma.

"Tazama."

Palikuwa na alama, nyeusi yenye ubuluu, pana kama kidole, imezunguka mti kama mkanda. "Hiyo ni kutu ya waya. Alikata hapa. Ikiwa ngoma yenu ni ya gogo yetu, na yeye atakuwa na ya kwake. Lakini ya kwake itakuwa juu, karibu na mudomo."

Sikumbuki niliteremkaje kilima kile. Nakumbuka kwamba bodaboda aliniuliza nimeshinda nini. Nilikwenda msikitini moja kwa moja, viatu vimejaa tope, nikamkuta shehe akijiandaa kwa alasiri. Nikamwomba tuitoe ngoma. Aliangalia saa, akaniangalia mimi, akaona afadhali akubali. Tukaivuta mimi na yeye mpaka kwenye mwanga wa dirisha, tukafuta vumbi kwa kanga yangu. Nikaingiza kidole kati ya kamba, juu, karibu na mdomo.

Alama ilikuwapo. Nyeusi, yenye ubuluu, imezunguka kama mkanda.

Shehe akavaa miwani. Akapitisha kidole chake mwenyewe. Nilimwambia yote: mti, waya, shoka, ngozi ya ng'ombe mweusi. Nilipofika kwenye matusi nikasita, lakini nikayasema. Aliendelea kuipapasa alama, na mimi nikaogopa kwamba nimemvunjia kumbukumbu yake ya utotoni. Kisha akasema, "Kwa hiyo niliona ngozi."

"Ndiyo, shehe. Uliona ngozi."

"Alhamdulillahi. Basi sikuwa nimeota. Miaka yote wenzangu walisema niliota." Akainuka, akapiga ngoma kwa kiganja, ikakohoa. "Na huyu ana ndugu! Ana ndugu kilimani, na sisi tumemlaza na spika mbovu!"

Wazo la kuzikutanisha lilikuwa la shehe. Wazo la kuipeleka ya kwetu juu badala ya kuileta ya kwao chini lilikuwa la mama, kwa sababu mjane wa fundi hakuwa na magoti ya kuteremka mpaka mjini. Katekista alipouliza padri, padri akasema tuje Jumapili baada ya misa. Na lori lilikuwa la baba, ambaye hakuna aliyemwomba. Alitangaza mwenyewe, mezani, kwamba Jumapili hiyo hana safari.

Tuliipakia ngoma asubuhi, imefungwa kwenye mikeka kama mgonjwa. Nyuma walikaa shehe, wazee wa msikiti, wanawake wa kuosha mikeka, mwalimu wangu na shati lake la pasi, na nusu ya darasa letu. Bibi alitoka Kasese siku iliyotangulia, akaketi mbele kati yangu na baba, ukaya kichwani. Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja akanyoosha mkono, akaja dirishani.

"Simama! Beba nini?"

"Ngoma, afande," baba akasema.

"Ngoma ya nani?"

"Ya msikiti."

"Inaenda wapi?"

"Kanisani, afande."

Askari akamtazama baba. Akazunguka nyuma, akamwona shehe na kilemba chake ameikumbatia ngoma. Akarudi dirishani.

"Kufanya nini?"

Bibi akainama mbele. "Kumwona ndugu yake," akasema.

Yule askari alijaribu kubaki mkali, nikaona mdomo unamshinda. Akapiga bodi la lori kwa kiganja. "Haya, pita! Salimia huyo ndugu!"

Lori lilikomea pale njia inapokataa magari, vijana wakaibeba ngoma mabegani na bibi akanishika mkono kupanda. Kilimani watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye mibuni. Kabla ya watu kuanza kupika, shehe akamchinja mbuzi mwenyewe, ili wote tule sufuria moja. Vijana wa kanisa wakawasha moto wa majani makavu, wakaielekeza ngozi ya ngoma yetu kwenye joto, wakiigeuza taratibu, wakiipiga kidogo na kusikiliza. Kikohozi kikapungua. Kikawa mguno. Kikawa sauti. Ngozi ya ng'ombe mwenye kichwa kigumu ilikuwa inaamka.

Walipoziweka pamoja, mdomo wa yetu ukielekea kitako cha yao, hata mtoto angeona. Mkanda mweusi ulipita kutoka moja kwenda nyingine. Mjane wa fundi aliketi kwenye kiti cha padri, akatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu wa Bwera ndiye mudogo. Alikaa muda mingi bila kazi, lakini hakuoza. Wasingya kutsibu," akashukuru, bila kusema anamshukuru nani, akainuka na magoti yake mabovu na kuanza kucheza.

Ngoma ya kanisa ilikuwa nzito, ya tumboni. Ya msikiti ilikuwa juu kidogo, kali, ya haraka. Wapigaji walitafutana mwanzoni, kisha wakapatana. Nilimwona mwalimu wangu akicheza vibaya sana na kwa furaha sana. Nilimwona mama amefungwa kitenge na wanawake wa kwaya. Na nilimwona baba amesimama juu ya gogo, watu wamemzunguka, anasimulia habari ya ng'ombe mweusi kana kwamba alimshika mkia.

"Ilipiga watu pembe!" alikuwa akisema. "Tena watu wazima!"

"Baba," nikamnong'oneza baadaye, "mzee hakusema watu wazima."

"Hakusema watoto."

Bibi peke yake hakukubali. Alizipapasa ngoma zote mbili, akala mbuzi, akamsifu mjane kwa upishi, na wakati wa kuondoka akaniambia, "Nzuri sana hizi. Lakini ile ya kwenye treni ilikuwa kubwa zaidi." Mpaka leo hajabadili neno. Nilipomwuliza mwalimu nifanye nini na ushahidi wa bibi, alisema, "Uandike ulivyo. Ngoma ilikuwamo ndani ya treni. Hatujui tu ilishukia wapi." Ngoma ya bibi bado naitafuta.

Wiki iliyofuata baba alikuja shuleni. Alikuwa amevaa shati lake la Idi. Nilidhani kuna msiba. Alimwomba mwalimu waongee pembeni, na mimi nikajificha nyuma ya mlango wa maktaba nikasikia.

"Mwalimu, haya mambo ya kuuliza watu, chuo wanayasoma wapi?"

Mwalimu akamweleza.

"Na ukimaliza, unakuwa unauliza watu wa wapi?"

"Popote, mzee. Watu wa chumvi Katwe, watu wa mgodi Kilembe, watu wa mpaka. Kote kuna watu hawajaulizwa."

"Forodhani wanauliza watu pia," baba akasema, "lakini hawataki kujua." Nilisikia wakipeana mikono.

Sasa niko mwaka wa mwisho chuoni. Nimejifunza kwamba kazi hii ina siku nyingi za kukaa na karatasi zenye harufu ya panya, na kwamba wazee wengine hawana hamu na mgeni, hukupa chai na kukusindikiza. Sijaacha kuifurahia. Ngoma yetu haikurudi stoo. Iko ukumbini mwa msikiti, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi hupigwa kabla ya spika kuwashwa.

Mwezi uliopita nilianza utafiti wangu wa mwisho, juu ya wabeba mizigo waliowapandisha wageni mlimani Rwenzori tangu zamani. Nilikuwa nimepanga kwenda Ibanda kwa basi. Baba akasema ana mzigo wa kupeleka upande huo. Sikuona mzigo wowote kwenye lori. Tulifika kwa mzee mmoja aliyekuwa amebeba mizigo mpaka kwenye barafu, mtu mwembamba, miguu kama mizizi, amekaa mlangoni akishona kiatu. Nilimsalimu, nikaeleza mimi ni nani, nikaomba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Akakubali. Nikafungua mdomo kuuliza swali langu la kwanza, nililokuwa nimelifikiria wiki nzima.

"Mzee," baba akawahi, akivuta kigoda, "kule juu mlikuwa mnakula nini?"

Yule mzee akaweka kiatu chini. Uso wake ukafunguka. Alisema miaka yote hiyo wageni walimwuliza urefu wa mlima, majina ya vilele, na kama aliogopa. Chakula hakuna aliyewahi kumwuliza. Akatuita ndani, akamwambia mkewe aongeze maji kwenye sufuria, akaanza kutueleza jinsi muhogo unavyokataa kuiva penye baridi kali.